Khalas Makasha Kumi na Moja

Kuna waliojaaliwa sura, kuna waliojaaliwa sauti, na kuna Hashil bin Mahrous, ambaye Mungu alimjaalia mwandiko. Akimwandikia mtu barua ya kumtukana, mwenye kutukanwa huitia kwenye fremu akaitundika ukutani. Alipoingia Nizwa mwaka 1974 akitokea Unguja, na sanduku moja la nguo, watu walimcheka kwa Kiarabu chake mpaka wakachoka wao. Lakini akishika kalamu, walinyamaza. Mwenyewe husema kwamba laiti angejaaliwa mwandiko wa daktari, ule usiosomwa na yeyote ila muuza dawa, basi balaa la mwaka 1983 lisingempata.

Kabla ya kuja Oman alipata kusoma fizikia mwaka mmoja katika chuo kikuu huko Dar es Salaam. Ukimuuliza kwa nini aliiacha, hukujibu kwamba hakuiacha, ila fizikia ndiyo iliyomwacha yeye, na tena bila ya kumpa talaka ya maandishi. Hata hivyo mwaka huo mmoja alikuja nao Nizwa kama mtu anavyokuja na suti ya kuazima, na siku ya mahojiano ya kazi akaivaa.

"Unajua atomu?" alimuuliza Mista Hendry, Mskoti mwenye pua iliyobabuka kwa jua, meneja wa kampuni ya kupiga picha mabomba.

"Nimesoma atomu chuo kikuu," akajibu Hashil.

Hakusema uwongo. Hakuulizwa tu alisoma kurasa ngapi.

Kazi ya kampuni ilikuwa hivi. Bomba la gesi likichomelewa huko jangwani, lazima kila kiungo kipigwe picha, ionekane kama ndani mna ufa. Picha hizo hazipigwi kwa mwanga wa kawaida. Hupigwa kwa kijipande cha madini kidogo mfano wa punje ya mchele, chenye mionzi inayopenya chuma kama sindano inavyopenya kanga. Baada ya miezi kadhaa kijipande huchoka na kutofaa tena kwa picha. Lakini kuchoka si kufa. Ukikitia mfukoni kitakuunguza nyama na usione moto wala moshi. Basi vile vilivyochoka vilitiwa ndani ya vyungu vizito vya madini ya risasi, vyungu vikafungwa kwa kufuli na kutiwa ndani ya makasha ya mbao, na makasha yakashushwa katika shimo la saruji nyuma ya yadi ya kampuni, njia ya kwendea Bahla, kungoja meli ya kuvirudisha Uingereza vilikotengenezwa.

Makasha yalikuwa kumi na moja. Kazi ya Hashil ilikuwa kuandika kwamba yako kumi na moja.

Ingeishia hapo, angeweza kuifanya hata aliyelala. Lakini Mista Hendry aliomba makao makuu wampelekee kitabu cha kanuni, na makao makuu, kwa haraka zao, wakapeleka kitabu kisicho chenyewe: kanuni za kuweka kumbukumbu za fueli ya nyuklia iliyokwisha kutumika. Ile inayotoka kwenye mitambo ya umeme ya atomu, mavyuma marefu mno yanayolazwa miaka na miaka ndani ya mabirika ya maji. Mista Hendry alikifungua kurasa mbili, akapiga miayo.

"Kitumie hicho hicho," alisema. "Afadhali kanuni zizidi kuliko zipungue."

Hashil alikipenda kitabu kile kama bwana harusi. Hapa palikuwa na watu wenye akili, alijiambia, watu wanaoheshimu kalamu. Kila kitu kiandikwe namba yake, kimetoka wapi, kimewekwa wapi, kikiondoka kimekwenda kwa nani. Mara moja kwa mwaka vihesabiwe kwa macho, si kwa kukisia. Kikipotea kimoja, taarifa itolewe ndani ya saa moja. Na kumbukumbu zote ziandikwe nakala mbili, hiyo ya pili ikae mahali pengine, mbali vya kutosha hata balaa moja lisiweze kuziangamiza zote mbili.

"Punje za mchele kumi na moja," alisema mkewe, Thuraya, siku aliyomkuta anapiga mistari katika daftari la tatu. "Miye nna magunia mawili ya mchele jikoni, sijaandika hata punje."

"Mchele wako haupigi mionzi."

"Basi na wewe hupigi kitu. Sogeza daftari nitandike mkeka."

Nakala ya pili Hashil aliamua ikae Ibra, katika tawi la kampuni, mwendo wa nusu siku. Mweka ghala wa huko alikuwa Marzouq, mtu aliyezaliwa Tabora na kulelewa kwa Kiswahili cha bara, lakini aliyesomeshwa Kiarabu na baba yake kwa bakora mpaka kikamkaa. Marzouq na Hashil walikuwa marafiki kama paka wawili wa nyumba moja. Mmoja akisema "Kiswahili chenu cha bara kimekosa chumvi," mwenziwe humjibu kwenye kidonda.

"Hashil, hiyo Kiarabu yako ni ya talkini," Marzouq alimwambia mbele ya watu sita, kahawa mkononi. "Inafaa kusomewa maiti. Mtu mzima hai hawezi kuielewa."

Watu sita wakacheka, na Hashil akacheka nao, kwa sababu ndivyo mtu anavyotakiwa afanye. Lakini kilimchoma. Na hapo ndipo shetani wa mwandiko alipomkalia begani. Nakala ya Nizwa alikuwa kaiandika kwa Kiingereza. Ya Ibra akaazimia kuiandika kwa Kiarabu, kwa khati itakayomfanya Marzouq aombe radhi.

Ilimchukua siku tatu. Alitumia kalamu mpya na wino mweusi. Namba, uzito wa kilo ishirini na tano kila kasha, "liwekwe kivulini", "lisifunguliwe ila kwa ruhusa", vyote vikakaa sawa kama safu za wanaosali. Akakwama kwenye nguzo ya mwisho ya jedwali, ile ya kuandika hali ya kitu. Kwa Kiingereza alikuwa kaandika kwamba vitu hivi vimetumika vikachoka. Kiarabu chake ni kipi? Katika kamusi aliliona neno refu, halienei kwenye nguzo, na tena hajui kulitamka. Akawaza kwa lugha ya mama yake: kitu hiki kimekwisha. Na kitu kilichokwisha, sokoni Nizwa, ni nini? Muuza samaki akimaliza samaki husema nini? Mwenye duka akifunga mlango?

Khalas.

Neno fupi na zuri, na ile herufi ya mwisho, sadi, inataka mkono uliotulia. Akaliandika mara kumi na moja, na kila mara sadi ikizidi kunona. Kisha akajiongezea busara yake mwenyewe, ambayo haimo katika kitabu chochote cha atomu duniani: akatia ndani ya bahasha funguo ya akiba ya shimo, ili balaa likitokea Nizwa, wa Ibra awe na pa kuanzia. Akapeleka. Marzouq akaifungua, akaitazama mstari kwa mstari.

"Mashaallah," akasema. "Khati nzuri."

Hashil alirudi Nizwa akiimba ndani ya gari.

Ikapita miezi minane. Mwezi wa Novemba homa ikamlaza Hashil siku nne, na Alkhamisi asubuhi akarudi kazini na miguu ya pamba. Kwa kuwa alikuwa mgonjwa na hana nguvu ya kazi yoyote nyingine, akaenda kuhesabu makasha. Kufuli lilikuwa limefungwa vizuri. Akafungua kifuniko cha chuma, akachungulia.

Shimo lilikuwa jeupe. Lilikuwa limefagiliwa.

Katikati palikuwa na karatasi, imewekewa jiwe isipeperuke. Ilisema kwa Kiarabu: "Nimepokea khalas, makasha kumi na moja, salama. Marzouq, ghala ya Ibra." Na tarehe ya Jumatatu, na sahihi, na muhuri.

Akaisoma. Akaisoma tena. Mara ya tatu akakaa kitako juu ya saruji, kwa sababu sasa alikuwa ameelewa, na alikuwa ameelewa kwa Kiarabu.

Maana khalas, kwa mtu yeyote anayekaa Oman, kabla haijawa "imekwisha" ni tende. Ni tende na nusu. Ya kahawia kama asali, laini, ya kumkirimia mgeni wa heshima. Soko la Nizwa zima linaijua, watoto wanaijua, mbuzi wanaijua. Mtu pekee katika wilaya yote aliyeweza kukaa miaka tisa akila khalas kila siku na kahawa yake, kisha akaketi siku tatu akaliandika neno lile mara kumi na moja juu ya sumu bila ya kuona kitu, alikuwa ni Hashil bin Mahrous, msomi wa atomu.

Mlinzi wa getini alikuja mbio. "Dereva wa Ibra alikuwa na funguo," alijitetea. "Na karatasi. Kaweka sahihi. Si ndivyo ulivyosema, bwana? Kila kitu kwa sahihi?"

Ndivyo alivyosema.

Alipiga simu Ibra. Ililia mpaka ikajichokea, maana Alkhamisi ofisi ya huko hufungwa mapema. Mista Hendry alikuwa kambini jangwani mpaka Jumamosi. Kitabu kilisema saa moja, lakini hakikusema umwambie nani kama wote hawapo. Akachukua kile kipimo cha mionzi, kikasha cha manjano chenye sindano, alichokuwa akikifuta vumbi kila wiki na hajapata kukitumia peke yake, akakitupa ndani ya pikapu. Akapita nyumbani kuaga.

"Marzouq kachukua makasha," alimwambia Thuraya. "Kadhani ni tende."

Thuraya alicheka mpaka akashika mlango. Kisha kicheko kikamkatika katikati.

"Na akizifungua?"

Hashil alikitazama kipimo ndani ya pikapu.

"Hashil. Mtu akikifungua hicho chungu, akakishika hicho kitu?"

"Mikono itaoza kwanza," alisema. "Hayo mengine nilisoma kidogo. Sikufika mwisho wa sura."

"Basi umesimama hapa unafanya nini?"

Akashika njia ya vumbi ya kupitia Sinaw. Njia nzima alikuwa akijisemesha. Akimwona mbuzi humwomba msamaha.

Marzouq alimpokea kwa furaha mlangoni mwa nyumba ya wageni ya kampuni, kanzu nyeupe, harufu ya udi. "Karibu, karibu! Umekuja mwenyewe kwa ajili ya wageni? Jumamosi tunao wahandisi kutoka Maskati, na mashekhe. Wameniambia ninunue tende sokoni. Mimi nikasema, ninunue nini, na kampuni iko na khalas yake makasha kumi na moja imelala huko Nizwa inaliwa na wadudu? Ingia uone."

Majlisi, chumba cha kupokelea wageni, ilikuwa imepambwa. Makasha yalikuwa yamepangwa ukutani juu ya zulia, na juu yake panka la kupepea linazunguka kwa kasi yake yote.

"Kwa nini umewasha panka?" Hashil aliuliza.

"Si mmebandika picha yake?" Marzouq akamwonyesha alama ya manjano ya kutahadharisha mionzi ubavuni mwa kasha, yenye mapanga matatu meusi. "Nikasema hii lazima ni khalas ya hali ya juu kabisa, hata imewekewa na maagizo ya panka."

Hashil akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena kutokea upande wa pili, kama kwamba hesabu ingemhurumia.

"Kumi."

"Eh?"

"Hapa yako kumi, Marzouq. Moja liko wapi?"

Marzouq akakohoa. "Moja... nimempelekea mama mkwe wangu. Yuko Sur, pwani. Juzi, na gari la posta. Ni mtu mzima, bwana, anapenda tende. Kumi na moja, kumi, nani angehesabu?"

"Miye!" Hashil alipiga kelele. "Miye ningehesabu! Ndiyo kazi yangu! Sina nyingine!"

Akamweleza. Kila alivyoeleza Marzouq alirudi nyuma hatua moja, mpaka akawa nje ya majlisi, amesimama juani. Hapo hakukuwa na utani tena.

"Hujafungua hata moja?"

"Wallahi hata moja. Yangu nilingoja wageni."

"Na mama mkwe atangoja?"

Marzouq akamfikiria mama mkwe wake. "Huyo hajangoja kitu tangu kuzaliwa."

Hashil akakiwasha kipimo. Sindano ikatingishika na kubaki kwenye kijani, kila kasha. Akapumua. "Funga mlango, kaa nje, asiingie mtu. Na zima panka."

"Panka lina ubaya gani?"

Hashil alifikiri. Alitafuta katika mwaka wake wote wa fizikia. "Sijui," alisema. "Zima tu."

Njiani kwenda Sur mpira wa gari ulipasuka kabla ya mji wa Al-Kamil, na wa akiba ukapasuka baada yake, kwa hivyo alilala msikitini kwa watu na kuingia Sur siku ya pili, Ijumaa, watu wanatoka kusali. Nyumba ya mama mkwe huyo, Bimdogo, haikumpa taabu. Kila aliyemuuliza alimwonyesha kwa kidole na kumtazama kwa huruma.

Bimdogo alikuwa bibi wa Vuga, Mji Mkongwe wa Unguja, mwembamba kama uzi na mwenye sauti ya watu watatu. Mlango wa ua ulikuwa wazi. Alikuwa kaketi kwenye kiti chake, kanga begani, na mbele yake sakafuni mbao za kasha zimekwisha banduliwa, chungu cha risasi kimesimama uchi juu ya gunia. Fundi Thabit, jirani mwenye karakana ya mageti, alikuwa kapiga magoti na msumeno wa chuma, anakata kufuli. Kre, kre, kre.

Lakini Hashil alilelewa vizuri, na hilo nalo ni maradhi. Mbele ya mtu mzima ulimi wake haujui kuanza na neno jingine.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, baba, marahaba. Karibu. Hujambo?"

"Sijambo, Bi. Huyo fundi..."

"Nyumbani hawajambo? Umetokea wapi na vumbi lote hilo?"

Kre, kre.

"Nizwa, Bi. Hawajambo. Bi, huyo fundi a..."

"Nizwa! Weye mtoto wa nani? Sauti hiyo si ya Nizwa, sauti hiyo ya Unguja. Kwenu wapi, Malindi?"

"Kikwajuni."

"Kikwajuni! Kina nani wa Kikwajuni? Mamaako mzima?"

Kre, kre, kre, na kufuli likatoa mlio wa chuma kinachokaribia kushindwa.

"Mama kafa Bi Mungu amrehemu FUNDI ACHA!"

Thabit akaacha, msumeno hewani. Bimdogo alimtazama mgeni kama mtu aliyetema mate ndani ya birika la kahawa.

"Hivyo ndivyo wanavyowalea Kikwajuni siku hizi?"

"Bi, nisamehe. Hiyo si tende."

"Hilo nimeshajua. Mbao tumebandua, tumekuta chungu. Tumesema labda ni asali ya tende. Fundi anafungua tuonje."

"Msionje! Msifungue! Ndani mna..." Hapa Hashil alikwama. Kitabu kizima alikijua kwa moyo, na hakuna ukurasa uliomwambia kijipande cha mionzi kilichochoka kinaitwaje mbele ya bibi wa Vuga. "Mna mionzi, Bi."

"Mionzi ya jua? Ndani ya chungu?"

"Si ya jua. Ni mibaya. Lakini imezuiwa. Haitoki, kwa sababu imefunikwa na risasi."

Thabit aliuweka msumeno chini polepole sana, akasimama, akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Risasi," alisema Bimdogo. Sauti zake tatu zilikuwa zimekuwa moja, tena ndogo. "Marzouq kanipelekea risasi? Miye, niliyetoka kwetu na kanga moja, kwa sababu ya risasi? Mkwe wangu kaniletea risasi nyumbani ndani ya kasha la tende?"

"Si risasi za bunduki! Bi, wallahi! Risasi madini! Ile ya kutengenezea vizito vya kuzamishia nyavu!" Na Hashil, aliyekuwa hajalala vizuri, hajala, homa haijamtoka, akakaa kitako juu ya mbao zilizobanduliwa. "Bi, tafadhali. Hakukuletea mtu kitu kibaya kwa kusudi. Mjinga ni mmoja tu, naye ni mimi. Niliandika khalas."

Akamsimulia yote: kitabu, nakala, talkini, sadi. Akatoa nakala mfukoni, aliyoichukua kwa Marzouq, akamkabidhi. Bimdogo alivaa miwani. Alisoma taratibu, akifuata mstari kwa kidole, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Mwandiko mzuri, mashaallah," alisema akifuta machozi. "Ujinga ulioandikwa vizuri namna hii sijapata kuuona. Sasa niambie kwa Kiswahili, usinizungushe. Kitu hiki kimekwisha, au hakijesha?"

"Kimekwisha kazi, Bi. Hakijesha ubaya."

"Ee! Si ungeandika hivyo?"

Hashil akahesabu moyoni. Miezi minane, na siku tatu, na kamusi.

"Halikuenea kwenye nguzo," alisema kwa unyonge.

"Panua nguzo, mwanangu! Nguzo ni yako!"

Akakiwasha kipimo. Kufuli lilikuwa limekatwa nusu na zaidi, lakini kifuniko kilikuwa bado kimekaa. Sindano ilipanda kidogo, ikasita, kisha ikabaki kwenye kijani. Thabit alirudi kutoka mlangoni, akanyoosha mikono yote miwili mbele, na Hashil akampima kidole kwa kidole kama anayepima pete.

"Salama," akamwambia.

"Mara moja tena," alisema Thabit. "Mkono wa kulia ndio wa msumeno."

Akampima tena.

Alipotaka kukibeba chungu, Bimdogo alisimama mbele yake. "Taratibu. Hakitoki humu bila ya karatasi. Kesho Marzouq atasema mama mkwe kala kasha zima peke yake. Andika." Na akamtolea kwa imla, na Hashil akaandika, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kama walivyokuwa wakiandikiana barua zamani kwao: kwamba Ijumaa hiyo, saa nane mchana, kachukua kwa Bimdogo wa Sur chungu kimoja cha risasi madini, si tende, kilicholetwa kwa makosa, kwamba kilichomo kimekwisha kazi, hakijesha ubaya, kwamba hakikufunguliwa, ila kufuli limekatwa nusu na Thabit, ambaye hana lawama, na kwamba mwenye lawama ndiye mwandishi. Thabit akatia kidole gumba.

"Nakala mbili," alisema Bimdogo. "Moja yangu. Au utaniambia na hiyo hujui?"

Jumamosi asubuhi makasha yote kumi na moja yalikuwa shimoni Nizwa. La Sur limefungwa kwa kamba na kufuli jipya. Hashil alikuwa kaketi mbele ya meza ya Mista Hendry na taarifa iliyotakiwa itolewe ndani ya saa moja na iliyochelewa siku mbili. Njiani alikuwa na wakati wa kutosha wa kubuni maneno mengine. Dereva alikosea. Karatasi zilichanganyika. Marzouq angenyamaza kwa furaha, kwa sababu ya kasha la mama mkwe. Lakini karatasi ya Bimdogo ilikuwa juu ya taarifa, na mstari wake wa mwisho ulikuwa kwa mkono wa Hashil mwenyewe, na nakala yake iko Sur, mbali vya kutosha.

Mista Hendry alisoma taarifa yote, na tafsiri ya karatasi ya Bimdogo. Pua yake ilizidi kuwa nyekundu.

"Nani aliandika neno hili la tende?"

"Mimi."

"Nani alitia funguo pamoja na nakala?"

"Mimi."

"Nani alichagua Ibra?"

"Mimi."

"Na panka?"

"Panka ni Marzouq," alisema Hashil. "Lakini sikumwambia ile alama ni ya nini. Kwa hivyo, mimi."

Mista Hendry aliivua miwani. "Ulisoma atomu miaka mingapi?"

"Mmoja. Nikafeli."

Mskoti akaandika telexi kwa makao makuu, akiomba mtu mwingine wa kazi hiyo, aijuaye vizuri kanuni ya kitabu chao. Jibu lilichukua wiki tatu. Makao makuu walisema kwamba wamefanya uchunguzi, na kwa kadiri wanavyojua, katika kampuni nzima, aliyekisoma kitabu kile mpaka mwisho ni mtu mmoja.

Basi Hashil akabaki, bila ya sifa ya atomu, na sokoni kila muuza tende akimwita kwa mbali. Nakala ya Kiarabu aliiandika upya, nguzo ya hali ikachukua nusu ya ukurasa. Kuhesabu hakukuwa tena mara moja kwa mwaka. Ilikuwa kila asubuhi, kwa kidole, na Ijumaa pia.

Lori la kuyapeleka makasha bandarini lilikuja mwaka 1985. Dereva alikuwa na haraka, akauliza atie sahihi wapi. Hashil akamwekea karatasi kumi na moja, moja kwa kila kasha, akamwambia asome kwa sauti kabla ya kutia. Dereva akasoma ya kwanza, kwamba kilichomo kimekwisha kazi na hakijesha ubaya, akashika kalamu.

"Nimeelewa, bwana."

"Umeelewa la kwanza," alisema Hashil. "Soma la pili."